Mufwankolo, Marc Zinga na sisi wa Kolwezi

Kambini Musonoi, kambi ya wachimbaji hapa Kolwezi, miaka ya themanini, mwigizaji alikuwa sauti. Redio ilipotangaza kikundi cha Mufwankolo kutoka Lubumbashi, mama aliepua bukari upesi upesi, na wanaume waliotoka zamu walikaa kusikiliza na buti zao miguuni. Sura ya Mufwankolo sikuijua, nikamvika ya jirani yetu mmoja, mlevi mwenye maneno matamu. Hata jina lake la nyumbani, Odilon Kyembe Kaswili, kambini wachache walilijua. Baadaye televisheni ilimwonyesha, nami nikaona jirani yetu angefaa zaidi!

Alisema Kiswahili chetu cha Katanga, na Kifaransa cha kazini kimejipenyeza ndani yake. Mambo yake yalikuwa ya kwetu vilevile: mshahara ulionywewa njiani, bibi wa pili, ndugu wa kijijini aliyekuja kusalimu akasahau kurudi. Siri ya kazi yao niliipata ukubwani, katika kitabu cha Johannes Fabian, *Power and Performance*, cha mwaka 1990. Hawakuwa na maandishi. Walikaa, wakaijadili habari, wakaigawa vipande, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe mbele ya watu. Mwaka 1986 Fabian aliwauliza juu ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima. Mtu mwingine angemfafanulia kwa dakika mbili. Wao walitunga mchezo mzima, wakauchezea kijijini Kawama, wanakijiji nao wakaingia ndani yake, na televisheni ikarekodi. Sijasikia mtafiti aliyejibiwa vizuri kuliko hivyo.

Mchezo wa namna hiyo huhitaji watu waliozoeana, wanaocheka kabla neno halijakamilika. Kwetu mazoea hayo yalianza kuvunjika. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, hapa Kolwezi, uliporomoka. Miaka miwili mitatu baadaye, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Wengi walirundikana kwenye stesheni zetu wakingoja treni, wakiwemo watoto waliozaliwa hapahapa, waliojua vituko vya Mufwankolo kuliko mimi. Baada yao redio iliendelea kusema, lakini baraza letu lilikuwa limepwaya. Zilikuja diski za sokoni, zikaja filamu za Nigeria, ikaja simu.

Wakati huohuo mwigizaji mwingine wa ukanda wetu wa shaba alikuwa akikulia Ubelgiji. Marc Zinga alizaliwa Likasi mwaka 1984, mji ambao mtu wa Kolwezi lazima aupite akienda Lubumbashi kwa barabara. Mwaka 2013, huko Villeurbanne nchini Ufaransa, alisimama jukwaani kama Lumumba katika *Une saison au Congo* ya Aimé Césaire. Mtu wa Likasi kumcheza Lumumba, aliyeuawa karibu na Lubumbashi Januari 1961, si jambo dogo kwetu, ingawa nyumbani habari hiyo haikupigiwa hata kengele. Mwaka 2015 alionekana katika *Spectre*, filamu ya James Bond, na hapo ndipo vijana walipoanza kusema "yule ni wetu".

Kisha ikaja *Augure* ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyopata tuzo huko Cannes mwaka 2023. Zinga ni Koffi, kijana anayerudi kutoka Ubelgiji na mchumba wake mzungu; damu ya pua inamdondokea mtoto mchanga, na ukoo mzima unaona uchawi. Niliiangalia kwenye kompyuta ya mpwa wangu, mchimbaji huko Kasulo, mtaa ambao tangu 2014 watu wamechimba kobalti hata chini ya vyumba vya kulala.

"Mjomba, Kiswahili cha Zinga kina viatu vipya," alisema mpwa wangu. Kweli, lakini nadhani hilo linamfaa Koffi, kwa sababu mtu wa kurudi ndivyo anavyosema. Mufwankolo asingeweza kumcheza; angeshinda ule ugomvi wa ukoo kabla ya chakula kuletwa.

Mpwa wangu na wenzake nao huigiza, kwa simu, jioni wakitoka shimoni. Hawaandiki kitu. Kijana mmoja hujifunga kitenge awe bibi, mwingine mume, na mwenye duka la vocha huwalipa kidogo. Naye hutaka jina la duka lake litajwe mara kwa mara, hata ugomvi ukiwa umepamba moto, nao hulitaja.