Mjusi wa Kwetu Yuko Berlin

Kabla sijaifahamu Berlin, historia kwangu ilikuwa somo la kukariri. Mkutano wa 1884 hadi 1885, Bismarck, kugawana Afrika: andika, faulu, sahau. Nilikuja Ujerumani kusomea uhandisi wa maji, na mjini nilizurura kama mgeni yeyote. Lango la Brandenburg, picha. Mnara wa televisheni, picha. Treni hazina longolongo, mkate mgumu.

Aliyenigeuza ni mjusi. Sisi watu wa Lindi tumekua tukisimuliwa habari za mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, aliyechukuliwa na Wajerumani. Hadi bungeni amezungumzwa. Nilimkuta katika ukumbi wa Makumbusho ya Historia Asilia, mifupa mitupu, kimo chake zaidi ya mita 13. Watoto walikuwa wakiishangaa shingo. Mimi nikajikuta napiga hesabu ya mizigo. Mifupa ya Tendaguru ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na watu, kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Jumla yake ilipita tani 200. Mpe kila mpagazi kilo 30, utapata mizigo zaidi ya 6,600! Na watu hao walikuwa wametoka juzi tu katika Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata.

Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kufukua mifupa. Darasani sikuwahi kumsikia. Jina la kisayansi la mjusi linamkumbuka Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza nani alibeba, nani alipika, nani alichimba. Ndivyo nilivyofika Brunnenstraße, penye kijiwe cha shaba kilichopachikwa njiani, upana wa kiganja, ambacho wapita njia wengi wanakiruka. Ni cha kumkumbuka Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Alilitumikia jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto, akaja Berlin mwaka 1929 kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Hakulipwa. Akawa mhudumu wa mgahawa, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafia kambi ya Sachsenhausen, Novemba 1944. Mwalimu wa Kiswahili, jamani.

Wenzangu wakija kutoka nyumbani nawapitisha hapo kwanza, kabla ya duka lolote. Wengine hunung'unika, hasa wakati wa baridi. Mmoja aliniambia wazi kwamba amekuja kutalii, hakuja kuhani msiba. Nikamnunulia kahawa, tukaendelea na safari ya kwa mjusi.