Majina Matatu

Matokeo ya kidato cha nne yatokapo, wazee wa Mjini Unguja huzilinganisha skuli za Serikali kama walinganishavyo samaki mnadani. Lumumba, Ben Bella na Haile Selassie hutiwa katika mizani moja: ipi imefaulisha wangapi, ipi imerudi nyuma. Na mtoto aliyeanguka hufichwa chumbani, wageni wasimwone.

Laiti wangeyatafakari majina yenyewe! Patrice Lumumba aliuawa mwaka 1961, hajatimiza miaka 36. Ahmed Ben Bella, rais wa kwanza wa Algeria, alipinduliwa mwaka 1965, akatiwa kifungoni. Mfalme Haile Selassie aliondoshwa katika kiti cha enzi mwaka 1974. Wote watatu walianguka, wala majina yao hayakufutwa. Hadi leo watoto huyabeba asubuhi na mapema pamoja na madaftari yao.

Elimu ilipotangazwa bure Zanzibar, tarehe 23 Septemba 1964, ahadi ile ilikuwa ya kila mtoto, si ya mshindi peke yake. Basi mizani na iongezwe jiwe moja: skuli ipi humjua kwa jina yule aliyeanguka?