Njegere za Barafu

Kila mwisho wa mwezi mama huyu wa Kayole huingia katika duka kuu, akazipita rafu za unga na mafuta, akasimama mbele ya friza na kuchukua mfuko wa njegere zilizogandishwa. Majirani humcheka, eti chakula cha barafu ni cha wavivu. Hawaijui hesabu yake. Njegere za sokoni (minji, kwa wauzaji wenyewe) hupimwa na maganda yake, na maganda hayaliwi. Tena hudai saa nzima ya kumenywa na mtu aliyeshuka matatu saa mbili usiku. Za mfukoni hazina cha kutupwa: huchota konzi moja, akaitia katika viazi dakika chache kabla ya kuepua.

Ladha nayo haipotei. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani Clarence Birdseye aliona kule Labrador jinsi samaki wa Wainuiti walivyoganda mara tu walipovuliwa, na walipoyeyuka wakawa kama wabichi. Barafu ya haraka hufanya chembe ndogo zisizopasua chakula. Ya polepole hukiharibu. Kwa hiyo friji ndogo ya nyumbani hutunza kilichoganda, lakini kikiyeyuka haiwezi kukirudisha kilivyokuwa.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima. Kesho yake maji yalikuwa yakitona sakafuni. Mama aliwasha jiko la makaa, akapika mfuko mzima pamoja na soseji alizowawekea watoto kwa Jumapili. Majirani wale wale walikuja, kila mmoja na sahani yake.