Umepima Ekseli ya Mbele?



Ndugu yangu, dada yangu, leo nakuomba subira yako, kwani nitakueleza kosa langu mwenyewe. Si kisa cha kusikia kwa watu. Ni kisa cha gari langu, jembe la theluji, na ulimi wangu ulioitangulia akili.

Wewe uliyeko Mombasa, Tanga au Unguja, hebu kwanza nikuweke sawa. Hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, theluji ikianguka usiku kucha, asubuhi uwanja wa magari wa msikiti huwa umefunikwa wote. Wazee wanaokuja kuswali alfajiri huteleza, na mtu wa miaka 70 akivunjika nyonga si jambo dogo. Kwa hiyo watu hufunga mbele ya pikapu bamba la chuma, kama lile la greda, wakasukumia theluji pembeni. Hilo ndilo jembe la theluji.

Kamati ya msikiti ilipotajiwa bei ya kusafishiwa uwanja msimu mzima, kila mtu aliinamisha kichwa. Mimi nikasimama. Nikasema, "Jamani, mna wasiwasi gani na mimi nina gari?"

Na kweli nilikuwa nalo. Pikapu ya kwendea porini, imeinuliwa juu, ina matairi mapana yenye meno makubwa, bampa nene la chuma, na winchi juu yake. Nikwambie ukweli: pori lenyewe sikuwahi kulifika. Nilipenda tu namna vijana walivyogeuza shingo nikipita.

Nikanunua jembe lililotumika, uzito wake kilo 300 hivi. Wikiendi mbili nzima nilikuwa chini ya gari. Nikafunga mabano kwenye chasisi kwa bolti, nikaunga pampu ya haidroliki na betri, nikapitisha waya za taa za jembe, maana bamba likiinuliwa huziba taa za gari lenyewe. Rimoti ya kuliinua, kulishusha na kuligeuza nikaiweka karibu na usukani. Likafanya kazi. Nikapiga picha nikawatumia watu.

Yuko mzee mmoja pale msikitini ambaye ujana wake wote aliendesha malori kutoka Mombasa hadi Kampala. Alilizunguka gari lile kimya, akainama, akatazama madigadi ya mbele yalivyoshuka. Akaniuliza, "Ustadhi, umepima ekseli ya mbele?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mzee wangu, hapa si Mariakani. Hapa hakuna askari wa mizani."

Hakunijibu. Alinitazama tu, akaenda zake.

Theluji ya kwanza kubwa ikaja. Alfajiri, giza, baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Nilikuwa naingia msikitini jembe likiwa juu, nikakanyaga breki polepole kabisa. Gari likakataa. Sehemu ya nyuma ikaanza kuzunguka peke yake, kama mlango unaosukumwa na upepo. Mbele yangu, penye njia ya miguu, alisimama yule mzee na ndoo ya chumvi, akiinyunyizia wenzake wasiteleze.

Wallahi sikuona kingine isipokuwa kanzu yake.

Jembe liligonga ukingo wa zege, gari likasimama. Kati ya chuma na miguu yake palikuwa na nafasi ya hatua mbili. Nilishuka natetemeka, nikamshika mkono. Yeye ndiye aliyenituliza. Akasema, "Twende tukaswali kwanza. Kisha tutapima."

Tafakari hapo, ndugu yangu. Kuondoa udhia njiani ni katika mambo ya imani, tumefundishwa hivyo tangu chuoni. Mimi nilitoka nyumbani kuondoa udhia, nikawa mimi ndio udhia wenyewe.

Siku ile ile tulikwenda penye mizani ya malori kando ya barabara kuu. Unalipa pesa kidogo, unapewa karatasi yenye uzito wa kila ekseli. Kisha tukafungua mlango wa dereva, tukasoma kile kibandiko kilichopo kwenye kila gari hapa, kinachotaja mwisho wa uzito wa ekseli ya mbele, ya nyuma, na wa gari zima. Mbele nilikuwa nimepita mpaka. Kibandiko kilikuwepo miaka yote, nami nilikuwa nikiufunga mlango juu yake kila siku.

Mzee akanifahamisha kwa maneno mepesi. Mzigo ulioning'inia mbele ya magurudumu ya mbele ni kama mtoto mnene kwenye pembea: yeye akishuka, wa upande wa pili anapanda. Nyuma ya gari ikawa nyepesi, matairi hayana cha kuyagandamiza, hayashiki. Akaniambia pia kwamba kuinua gari hakuliongezei nguvu hata ya kilo moja. Kinyume chake, mikono inayosukuma jembe inatakiwa ikaribie kulala sawa na ardhi. Gari likiwa juu mno mikono huinama, na bamba likigonga jiwe lililofichika halijikunji vizuri kwa springi zake kama lilivyotengenezwa.

Basi tukaanza kuvua. Gari tukalirudisha kwenye kimo chake cha asili. Matairi mapana tukayatoa, kwa kuwa huelea juu ya theluji, tukaweka membamba ya baridi yanayoikata na kushika. Tukang'oa bampa la chuma na winchi. Nyuma kabisa ya bodi, kupita ekseli, tukapanga magunia ya mchanga na kuyafunga kwa mikanda yasihame. Tukarudi mizani. Mbele ikawa ndani ya mpaka, na gari zima pia.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Jembe peke yake halikulishinda gari lile. Yaliyokula nafasi ya mzigo ni mapambo. Winchi ambayo sikuwahi kuivuta hata siku moja ndiyo iliyotaka kunifanya nimuue mzee wa watu.

Ndugu yangu uliyeko nchi za baridi, kabla ya kufunga jembe soma kibandiko, pima, weka uzito nyuma, na ukiwa barabarani nenda taratibu. Uliza pia aliyekutangulia, hata kama gari lake ni bovu kuliko lako.

Na wewe usiyeijua theluji, unaombwa kuwa mlezi wa mayatima, mweka hazina, mke wa pili, imamu. Usiseme haraka "mimi nina gari." Jiulize umebeba nini tayari ambacho ni cha kutazamwa tu. Kivue kwanza.

Mzee yule bado hunyunyiza chumvi kila alfajiri. Nami nikimwona, hupunguza mwendo tangu barabarani.

Allah atujaalie kuvijua vipimo vyetu kabla havijatuaibisha, na awahifadhi wazee wetu. Amin.

Wassalaam alaykum.