Kuitikia kwa Niaba

Picha iliyotundikwa sebuleni kwangu wageni huidhania kuwa ya babu yangu. Aliyekaa humo ni mimi.

Wazo hilo sikulibuni. Nilijifunza kwa Samuel Fosso, mpiga picha aliyezaliwa Kameruni mwaka 1962, akalelewa Nigeria, na baada ya vita vya Biafra akahamia Bangui. Huko, mwaka 1975, akiwa na miaka 13, alifungua studio yake. Filamu iliyobaki baada ya wateja kuondoka aliitumia kujipiga mwenyewe, apate kumpelekea bibi yake picha aone kwamba yu mzima. Mwaka 2008 akatoa mfululizo uitwao African Spirits. Humo amejigeuza Lumumba, Haile Selassie, Angela Davis na nywele zake, na Tommie Smith aliyeinua ngumi Mexico mwaka 1968. Mavazi na mkao amewaazima wenyewe, ila uso ni wa Fosso, wala haufichi.

Lakini Fosso alikuwa na picha za kufuata. Mimi sikuwa nayo hata moja. Babu yangu mzaa baba alitoka Igawa, katika nchi ya Usangu, akavuka bahari na mwanawe mdogo kuja kuchuma karafuu, wala hakurudi tena.

Mwaka 2012 nilifika Igawa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Nilimkuta shangazi, binti wa mdogo wake babu, ambaye alikuwa kigoli babu alipoondoka. Nikamwomba tufuatane hadi studio ya jirani. Nikavaa koti la kuazima, nikakaa wima.

“Siye, mwanangu,” akasema. “Yeye hakukaa kama karani. Aliinama mbele, mkono gotini, kama mtu anayetaka kuinuka.”

Nikainama. Shangazi akanyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ndogo: “Shikamoo, baba mkubwa.”

Mimi ni mfasiri. Miaka mingi nimesema maneno ya wengine kwa kinywa changu, na sikupata kuona uzito wake hadi siku ile. Kunyamaza kungekuwa ukatili, na kuitikia kungekuwa uongo. Nilimtazama yule bikizee aliyekuwa amengoja tangu utotoni, nikasema: “Marahaba, mwanangu.”