Turbo Yangu, Saruji Yetu

Wanawake wenzangu wengi ukiwauliza gari la ndoto zao watakutajia Harrier, au Rav4 nyeupe yenye vioo vyeusi. Mwenzenu moyo wangu ulidondokea steshenwagoni. Ndiyo, lile gari refu kama la kubebea jeneza (maneno ya mume wangu hayo, siyo yangu). Subaru Legacy GT ya mwaka 2005, injini cc 1994, turbo, nguvu ya farasi 260, na milango ambayo ukiifungua vioo vyake havina fremu. Kizazi hicho cha Legacy ndicho kilichobeba tuzo ya Gari Bora la Mwaka Japani, msimu wa 2003-2004, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Subaru kuipata. Haya yote nilimsomea mume wangu kitandani, saa tano usiku. Akaniuliza kama hilo tuzo linalipa ada.

Sababu zangu zilikuwa za msingi lakini. Wakwe zangu wako Iringa, kama kilomita 500 kutoka Dar, na sisi huenda mara tatu kwa mwaka. Tulikuwa na Vitz. Nani aliyewahi kulipita lori la mzigo pale Mikumi akiwa na injini ya cc 1000, watu wanne na gunia la mchele nyuma? Unatoka, unakanyaga mafuta, unaanza kusali. Nilitaka gari lenye buti la kumeza mizigo ya mama mkwe na pumzi ya kulipita lori kabla watoto hawajauliza tunakwenda wapi.

Tatizo ni kwamba tulikuwa tunajenga Goba. Mwaka huo wa 2019 tulikuwa tumeishia kwenye msingi, na mume wangu kila shilingi alikuwa anaiona tofali. Tulinuniana wiki nzima, ile ya kupitishiana chumvi mezani bila kutajana majina. Mwisho yeye ndiye aliyeleta suluhu, na nampa sifa zake: gari ninunue kwa akiba yangu, lakini kila nitakachokifunga kwenye gari baada ya hapo, kiasi hicho hicho nikipeleke Goba kwa mfumo wa saruji. Nikinunua tairi, nanunua na mifuko. Tukaandika kwenye daftari, tukasaini wote wawili. Mnaocheka chekeni, ila najua ndoa zilizoingia kwenye magari mazito kuliko letu bila hata karatasi.

Kwenye kuagiza, ushauri wangu ni mmoja: kabla hujapenda picha, pitia hesabu ya kodi. Kulikuwa na ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa kuwa injini haijavuka cc 2000, halafu kwa gari lenye umri zaidi ya miaka kumi asilimia 30 nyingine za uchakavu. Ukizipandisha moja juu ya nyingine, kodi inakaribia bei ya gari lenyewe mpaka bandarini. Na uombe karatasi ya mnada, kisha umtafute mtu wa kukusomea Kijapani chake, kwa sababu ile gredi ya 4 iliyoandikwa kwa herufi kubwa haikwambii kila kitu. Yale maandishi madogo pembeni ya mchoro wa gari ndiyo yanayosema mlango upi uliwahi kupakwa rangi.

Gari likaja. Kila nikiwasha, sauti ya mdada inanisalimia kwa Kijapani, kumbe ananikumbusha kwamba sijachomeka kadi ya kulipia barabara za huko kwao. Mume wangu akampa jina la mke mwenza. Redio nayo ilikuwa inaishia masafa ya 90, nusu ya stesheni za Dar hazishiki, hiyo tulimalizana nayo kwa kifaa kidogo cha dukani.

Sasa tuingie gereji, ambako ndiko nilikofundishwa na mimi nikafundisha.

Fundi wangu yupo Ilala, kijana mwenye mikono mizuri na mdomo mrefu. Siku ya kwanza alizunguka gari mara mbili, akafungua boneti, akatabasamu kama anayeona harusi. "Dada, hii tukiitoa masega inapumua. Tunaweka ekzosi ya nchi tatu, tunaigusa na kompyuta, unagonga farasi 300 hivi hivi." Nikamuuliza, "Fundi, na breki?" Akasema breki zipo. Nikamwambia basi tuanzie hapo penye "zipo".

Unajua, turbo siyo uchawi. Ni feni mbili kwenye ekseli moja: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha moja, ya pili inasukuma hewa kurudi ndani, hewa ikizidi na petroli inaongezwa, ndiyo ile nguvu. Ile ekseli inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kwenye joto la moshi, na kinachoilinda ni utando mwembamba wa oili tu. Oili ikichelewa au ikiwa chafu, turbo inakufa, na ikifa inaweza kuondoka na injini. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichokiboresha hakionekani wala hakisikiki: oili nzuri kila kilomita 5,000, bila mjadala, na fundi afungue zile bolti za bomba la oili akague vichujio vyake vya wavu, vidogo kama ncha ya kalamu, visije vikaziba. Baada ya safari ndefu sizimi papo hapo, naacha injini ingurume taratibu dakika moja mbili. Watoto wanajua, huo ndio muda wa kuokota maganda ya karanga kwenye siti.

La pili ni joto. Lile tundu juu ya boneti siyo pambo, linaingiza hewa ya kuipoza intakula, na intakula kwenye gari hili imelala juu ya injini. Ukiwa unakimbia, raha tupu. Ukiwa kwenye foleni ya Ubungo saa kumi jioni hewa haiingii, joto linapanda kutoka chini, gari linakuwa zito kama limeshiba ugali. Rejeta mpya, mipira yake yote, maji maalumu badala ya ya bomba. Mifuko 24.

Kuhusu kugusa kompyuta ya injini nilikataa, na sababu nilimpa fundi. Wajapani waliipanga injini hii kwa petroli yao ya daraja la juu, okteni karibu 100. Ya kwetu haifiki huko. Ukiongeza msukumo wa turbo kwenye petroli dhaifu, mchanganyiko unawaka kabla ya wakati, injini inagonga, na pistoni zinapasuka. Nimeshasikia vijana wawili pale gereji wakisimulia injini zao kwa wakati uliopita.

Kisha breki. Disiki mpya mbele, pedi za maana, na mafuta ya breki yote yakamwagwa. Watu wengi hawajui kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Breki zikipata moto mkali ule unyevu unachemka na pedali inazama kama godoro. Kuna duka moja waliniuzia pedi feki kwenye boksi la kung'aa, fundi akaikwangua kwa ukucha ikamomonyoka, tukarudisha. Breki, mifuko 38. Tairi nne, mifuko 56. Siku ya tairi mume wangu alikwenda Goba mwenyewe kupokea mzigo, akarudi anapiga mluzi.

Desemba 2020 tulikuwa tunarudi kutoka Iringa na mama mkwe, anakuja Dar kutibiwa goti. Nyuma viazi, kuku wawili, ndoo mbili. Tunashuka Kitonga, nimeweka gia ya mkono namba mbili, taratibu kabisa. Tukamaliza kona, mbele yetu lori limeharibika, limeziba upande wetu wote, na utingo ndiyo kwanza anakata matawi ya kuweka barabarani. Upande wa pili lori jingine linapanda. Kushoto mwamba. Nilikanyaga. Pedali ilikuwa ngumu chini ya mguu, gari likasimama limenyooka, hatua tano au sita kabla ya bampa la lori. Kuku walilalamika, wengine wote tulikuwa kimya.

Mama mkwe ndiye aliyeanza. "Mwanangu, gari lako linasikia."

Mume wangu hakusema kitu mpaka Ruaha Mbuyuni, tuliposimama kununua vitunguu. Akanisogelea kwenye mlango na rambo lake mkononi.

"Zile breki zilikuwa mifuko mingapi?"

"Thelathini na nane."

Akatikisa kichwa, akaingia, akakaa.

Nyumba ya Goba ilipata lenta, sasa tupo kwenye mabati. Gari limeshabadilishwa mkanda wa tayming kwa kilomita 100,000 kama inavyotakiwa, shokapu zote nne, na limebaki na masega yake. Anayeliendesha sana siku hizi siyo mimi. Juzi mume wangu kaja na simu yake, ananionyesha video, sauti ameipunguza kidogo. "Mke wangu, hivi ile kompyuta ya injini, wakiigusa kidogo tu..."

Nimemwambia afungue daftari, aanze kwa kupeleka mabati.