Ngoma ya Rumanyika na Mashimo ya Mfalme Sulemani

Miaka ya themanini, Kyerwa ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Karagwe, kitabu cha hadithi kilikuwa adimu Nkwenda kuliko sukari, na sukari yenyewe tuliipata kwa mgawo. Jirani yetu, mwalimu mstaafu tuliyemwita Tata Mwalimu, alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Msimu wa kahawa watoto tulikwenda kumsaidia kuanika na kuchambua. Ujira wetu ulikuwa kusomewa.

Humo sandukuni mlikuwa na Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri zilizotoka mwaka 1929. Ya Mashimo ni kazi ya Frederick Johnson, Mwingereza ambaye mwaka uliofuata alikuwa katibu wa kwanza wa kamati ya kusanifisha Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikuwa umekwisha kuichagua lahaja ya Unguja. Kwa hiyo tulichosomewa barazani kilikuwa Kiswahili sanifu katika siku zake za mwanzo kabisa, kabla Shaaban Robert hajatupa nathari yake. Nyumbani tulisema Runyambo. Kiswahili nilichokuwa nacho kilikuwa cha darasani, cha simameni na kaeni. Kwa Tata Mwalimu nilisikia kwa mara ya kwanza sentensi ndefu ikipanda, ikakata kona, ikatua pale ilipotaka. Bahari hatukuwahi kuiona, maji makubwa kwetu yalikuwa mto Kagera pale Murongo, lakini tanga na nanga viliingia masikioni mwetu bila kuelezwa.

Kisiwa tulikipenda. Mashimo ndiyo yaliyotukosesha usingizi.

Mnakikumbuka kile kisa cha Umbopa, aliyefuatana na wazungu kama mtumishi wao, kumbe ni mrithi wa ufalme, na alama ya nyoka imezunguka kiuno chake? Hapo Tata Mwalimu alifunga kitabu, akaacha kidole katikati ya kurasa, akasema, “Wanangu, huko mbali wana nyoka. Hapa Karagwe tulikuwa na ngoma.” Akatusimulia jinsi mfalme, Mukama Ndagara, alipofariki na wanawe wakagombea kiti. Ngoma ndogo iliwekwa mbele yao. Asiye na haki angeiona nzito kuliko uwezo wake. Rogero alishindwa. Rumanyika akaiinua.

Kisa hiki Speke, msafiri Mwingereza, alikisikia alipokuwa mgeni wa Rumanyika huko Bweranyange mwishoni mwa 1861, akakitia katika kitabu chake cha 1863. Rider Haggard, mwandishi wa Mashimo, alitoa riwaya yake mwaka 1885. Tata Mwalimu aliijua miaka hiyo kwa moyo, na aliitaja kwa sauti ya mtu anayetetea shamba la baba yake. Jambo moja lilimkasirisha waziwazi. Katika riwaya, wenyeji wanaishangaa miguu myeupe ya Kapteni Good, mmoja wa wale wazungu, nasi tulicheka. Katika Karagwe ya kweli, Speke ndiye aliyemzungushia shemeji yake Rumanyika kamba ya kupimia, mkono, paja na kifua, akaandika vipimo hivyo vikasomwe London. “Sasa nani alikuwa kioja?” alituuliza, na hakuna aliyecheka.

Miaka mingi baadaye niliipata nakala ya Mashimo kwa muuza vitabu vikuukuu jijini Dar es Salaam, haina jalada. Niliisoma usiku kucha. Dharau yake kwa Mwafrika, ambayo utotoni iliniponyoka, niliiona kila baada ya kurasa chache, na iliniuma. Lakini Kiswahili chake bado kinanivuta, na sikubali kwamba dharau hiyo inatosha kukizika Kiswahili hicho. Ningependa kitabu hiki kichapwe tena kwa dibaji inayosema ukweli, na kisomwe sambamba na riwaya ya Aniceti Kitereza, mtoto wa Ukerewe aliyesomeshwa seminari ya Rubya, hukuhuku Kagera. Kitereza aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, na toleo la Kiswahili likachelewa hadi 1980. Humo hakuna mgeni anayetusimulia sisi ni nani.

Nilipowasomea Mashimo vijana wa sekondari kule Kayanga, msichana mmoja alinyoosha mkono kabla sijafika kwa nyoka. Alitaka kujua kwa nini Umbopa, anayeijua njia na nchi, hapewi hata sura moja aisimulie mwenyewe.